Beringi ya tatu ndani ya miezi kumi: kabla hujaagiza ya nne

Swali

Mwalimu, shikamoo. Mimi ni fundi wa matengenezo. Nina pampu ya maji ya moto, kama nyuzi 85, inayoendeshwa na mota ya kilowati 37 kwa mizunguko 1480 kwa dakika. Beringi ya pampu iliyo upande wa kaplingi, pale shafti yake inapoungana na ya mota, imekufa mara tatu ndani ya miezi kumi. Ikiwashwa ikiwa baridi inakwenda vizuri kabisa. Baada ya nusu saa hivi inaanza kunguruma, na ukiigusa unausikia mtetemo. Nimebadilisha beringi, nimebadilisha grisi, na kila mara kaplingi naipanga upya kwa rula. Niliazima kifaa nikapima penye beringi, pampu ikiwa imeshapata moto: mlalo 4.9, wima 3.0, kufuata shafti 6.8, zote milimita kwa sekunde. Mota haivuki 3.4 popote. Kuna na unga mweusi unaodondoka chini ya kaplingi, ila naona ni kawaida ya raba. Je, niweke beringi nzito zaidi? Na niizime sasa au niendelee nayo?

Jibu

Marahaba, fundi. Umeuliza mawili na yote nitayajibu, ila kwanza turudi kwenye ule unga mweusi uliouweka mwishoni kama jambo dogo. Mimi nimeusoma mara mbili. Raba ya kaplingi haisagiki kwa sababu inafanya kazi. Inasagika pale ambapo nusu mbili za kaplingi hazikai kwenye mstari mmoja, hivyo kila mzunguko raba inabanwa upande huu na kuachiwa upande ule. Kwa spidi yako hiyo ni mara 88,800 kwa saa. Unga ule ni raba inayokatwa taratibu, na nguvu inayoikata ndiyo hiyo hiyo inayoikandamiza beringi iliyo sentimita chache kutoka hapo.

Kwa hiyo jibu la swali la kwanza ni hapana, usiweke beringi nzito. Umri wa beringi ya gololi hushuka kwa kipeo cha tatu cha mzigo: mzigo ukiwa mara mbili, umri unabaki moja ya nane. Beringi ambayo ingedumu miaka inakufa kwa miezi, na ndicho unachokiona. Ukiweka iliyo nzito utajinunulia miezi kadhaa, kisha mzigo uleule utahamia kwenye sili inayozuia maji kuvuja, kwenye shafti, au kwenye beringi ya upande wa pili. Beringi yako haina kosa. Kuna kitu kinaisukuma, na kinaanza kuisukuma nusu saa baada ya kuwasha.

Hiyo nusu saa ndiyo ushahidi mkubwa kuliko namba zote ulizopima. Kila kelele ya mashine ina saa yake, na fundi akishajua ni saa ngapi inaanza na saa ngapi inakwisha, nusu ya washukiwa wanajiondoa wenyewe.

Chukua mfano wa impela, lile gurudumu la mabawa linalosukuma maji, isiyo na balansi. Hiyo inavuta shafti nje kila mzunguko, na nguvu yake inakua kwa mraba wa spidi. Gramu 20 zikiwa upande mmoja, milimita 200 kutoka katikati, kwa mizunguko 1480 zinavuta karibu nyutoni 96, sawa na uzito wa kilo kumi ukizungushwa. Kwa mizunguko 2960 zinafika karibu nyutoni 384. Lakini nguvu hiyo inatokea mara tu mashine inapofika spidi yake. Haisubiri maji yapate moto. Kama ingekuwa balansi, ungeisikia dakika ya kwanza.

Tatizo la umeme nalo lina saa yake, nayo ni rahisi kuikamata. Simama karibu na mashine inayonguruma, mwenzako akate umeme. Ngurumo ikikatika papo hapo, shafti ikiwa bado inazunguka kwa kasi karibu ileile, chanzo ni sumaku ndani ya mota: rota haiko katikati, waya za mota zina hitilafu, au mguu wa mota umelegea na kupinda fremu. Ngurumo ikishuka polepole pamoja na spidi, chanzo ni cha kimakanika. Jaribio hili halina gharama na huchukua sekunde kumi. Lifanye, hata kama mimi natarajia sauti yako itashuka polepole. Kwenye umeme wa Hz 50, mlio wa sumaku uko kwenye mitetemo 100 kwa sekunde. Kwenye mota za mizunguko 2960 kuna jambo linalowachanganya wengi: mara mbili ya mzunguko wake ni 98.7, karibu sana na 100, basi sauti hizo mbili zinagongana na unasikia ngurumo inayopanda na kushuka kama wimbi, zaidi kidogo ya mara moja kwa sekunde. Watu wanafungua beringi kwa ajili ya wimbi hilo. Mota yako ni ya mizunguko 1480, lakini ujue kwa siku nyingine.

Sasa tuje kwenye joto. Kitu gani kinabadilika kwenye pampu ya maji ya nyuzi 85 katika nusu saa? Vitatu: pampu yenyewe inavimba, mota inavimba, na mabomba yanarefuka. Tupige hesabu. Chuma cha pampu huongezeka karibu milimita 0.011 kwa kila mita kwa kila nyuzi moja. Kama kimo kutoka kitako cha pampu hadi katikati ya shafti ni milimita 225, na sehemu hiyo imepanda nyuzi 50, shafti ya pampu imeinuka karibu milimita 0.12. Mota yenye kimo kilekile ikipanda nyuzi 25, imeinuka karibu 0.06. Tofauti yao ni 0.06. Kwa spidi yako mpangilio mzuri wa shafti hauvuki kama 0.06, na 0.09 ndiyo mwisho wa kukubalika kwenye majedwali mengi. Kwa hiyo tofauti hiyo si ya kupuuza, lakini kama ungeanzia kwenye mstari safi, peke yake isingekuulia beringi tatu.

Tazama bomba sasa. Bomba la chuma la mita 6 likipanda nyuzi 60 linarefuka milimita 4.3. Sijakosea nukta: milimita nne na zaidi, wakati kaplingi yako inalalamika kwa sehemu ya kumi ya milimita moja. Kama bomba halina pa kwenda, kwa sababu limebanwa kwenye vishikizo au kiungo chake cha kunyumbuka kimekakamaa, linasukuma flanji ya pampu, yaani mdomo unaofungwa na bomba kwa bolti. Flanji inapindisha ganda la pampu, ganda linapindisha nyumba ya beringi, na mstari ulioupanga asubuhi haupo tena. Ganda la pampu linaonekana zito na gumu, lakini kwa vipimo vya kaplingi ni kitu kinachopinda.

Ndiyo maana namba zako zinasomeka hivyo. Kufuata shafti umepata 6.8, kubwa kuliko mlalo na wima. Mtetemo unaotawala kwa kufuata shafti, kwenye beringi zinazotazamana na kaplingi, mara nyingi ni alama ya shafti mbili zinazokutana kwa pembe. Nasema mara nyingi, kwa sababu kama impela yako imening'inia mwishoni mwa shafti bila beringi upande wa pili, ukosefu wa balansi nao unaweza kuitingisha kwa mwelekeo huo. Kinachonifanya niegemee kwenye mstari na mabomba ni vitu vitatu kukaa pamoja: mwelekeo, unga wa raba, na ile nusu saa.

Kuna mshukiwa mmoja mwingine anayefika na joto, na sitaki umwache. Maji ya nyuzi 85 yako karibu kuchemka. Shinikizo la mvuke wake ni karibu kilopaskali 58, wakati maji ya nyuzi 25 yana 3 hivi. Maana yake ni kwamba upande wa kufyonza ukibanwa kidogo tu, kwa chujio chafu au vali isiyofunguka vizuri, maji yanachemka ndani ya pampu, vipovu vinazaliwa na kupasuka kwenye impela. Hiyo ni kavitesheni, na sauti yake ukishaisikia huisahau: kana kwamba pampu inasukuma kokoto. Haina mdundo, inakwaruza tu. Kuijaribu, mashine ikiwa imepata moto na inapiga kelele, punguza kidogo vali ya upande wa kutolea huku unasikiliza. Mtiririko ukipungua, pampu inahitaji shinikizo dogo zaidi mdomoni, na kokoto zitapungua au kunyamaza. Usiguse vali ya kufyonza kwa jaribio hili, utaongeza ugonjwa, na usiifunge ya kutolea kabisa. Sikiliza kwenye ganda la impela, kisha kwenye beringi ya upande wa kaplingi. Kama kelele ni kubwa zaidi kwenye impela, tuandikiane tena kuhusu upande wa kufyonza. Kama ni kubwa zaidi kwenye kaplingi, endelea hapa chini.

Kazi ya kwanza ni chaki, hata kabla ya spana. Mashine ikiwa baridi, nenda kwenye kila kishikizo cha bomba, upande wa kufyonza na wa kutolea, kwa mita kumi hivi kila upande. Piga mstari mmoja wa chaki unaovuka kishikizo na bomba kwa pamoja. Washa pampu, iache ifike joto lake kamili, masaa mawili hivi, kisha rudi uangalie. Penye afya, nusu mbili za mstari zitakuwa zimeachana, kwa sababu bomba limeteleza juu ya kishikizo kama linavyotakiwa. Penye kishikizo ambacho kingepaswa kuteleza na mstari haujaachana kabisa, bomba limekwama. Ulipiga hesabu kwamba litarefuka milimita nne, nawe huzioni: basi zimekwenda mahali pengine, na mwisho wa bomba hilo ni pampu yako. Nimeona vishikizo vilivyopakwa rangi mara nyingi hadi vikagandana na bomba. Nimeona pia bolti ya U iliyokazwa na mtu mwenye nia njema aliyedhani inatakiwa kubana, kumbe kazi yake ilikuwa kuongoza tu. Kishikizo ambacho mchoro unakiita nanga kiache, hicho kiliwekwa makusudi kisisogee.

Kazi ya pili ni kujua kama bomba linavuta hata likiwa baridi. Zima, funga swichi kwa kufuli na weka kibao, funga vali zote mbili, subiri ipoe kweli, kisha toa maji. Maji ya nyuzi 85 yanachoma sekunde ileile, na bolti ya flanji iliyolegezwa kukiwa na shinikizo ndani inaweza kukuachia kilema. Hapo nisingependa kuona haraka yoyote. Ukishakuwa salama, funga geji ya mshale (kipimo chenye uso kama wa saa kinachoonyesha sehemu ya mia ya milimita) kwenye nusu ya kaplingi ya mota, ncha yake iguse nusu ya pampu kwa juu, na ya pili iguse kwa ubavuni. Zirudishe zote kwenye sifuri. Sasa legeza bolti za flanji ya kufyonza, moja moja, polepole, mwenzako akitazama mishale. Kisha flanji ya kutolea. Mshale ukisogea zaidi ya milimita 0.05, bomba linavuta pampu. Na baada ya kulegeza, tazama matundu: bolti zinatakiwa zitoke na kuingia kwa mkono bila kupigwa. Kama flanji zimerukiana, au moja imefungua mdomo juu na kubana chini, jibu umeshalipata kwa macho. Kinachorekebishwa hapo ni bomba. Usiisogeze pampu kulifuata bomba.

Kazi ya tatu ni miguu. Kati ya miguu minne ya mota au ya pampu, mara nyingi mmoja haukanyagi sawasawa, kama meza inayoyumba. Ukikaza bolti unaushusha kwa nguvu, na fremu inapinda. Weka geji juu ya mguu, legeza bolti ya mguu huo peke yake, soma. Ikipanda zaidi ya 0.05, safisha kutu na rangi chini yake, kisha jaza pengo kwa shimu, yaani kibamba chembamba, ya chuma kisichoshika kutu. Shimu chache nene ni bora kuliko nyingi nyembamba. Zikifika sita au saba, zinakuwa kama springi.

Hapo ndipo uje kwenye kaplingi, na nakuomba uiweke rula pembeni. Jicho juu ya rula haliaminiki kwenye sehemu ya kumi ya milimita, na wewe unatafuta ndogo kuliko hiyo. Tumia geji mbili za mshale au kifaa cha leza, na upange ukikumbuka joto: kwa hesabu yetu ya juu, mota ikiwa baridi iachwe juu ya pampu kwa karibu 0.06, ili zikishapata moto zikutane. Pima vimo vya mashine yako mwenyewe na joto la miguu yake kwa kipimajoto, usichukue namba yangu. Kisha, baada ya kuendesha masaa mawili, zima, funga kwa kufuli, na upime mpangilio haraka ikiwa bado ya moto. Kipimo hicho cha moto ndicho cha kuaminiwa. Mpangilio wa baridi ni kamari hadi hicho kiuthibitishe.

Una beringi kuukuu? Natumaini hukuzitupa, maana zimeandika habari yote ndani yake. Kata ringi ya nje ya mojawapo kwa grainda (vaa miwani, na itumbukize kwanza kwenye mafuta ya taa uiondoe grisi), itazame njia ya gololi kwenye mwanga. Njia ya kawaida kwenye ringi ya nje ni mkanda wa kijivu uliofifia, chini tu, usiofika nusu ya duara, na uko katikati. Mkanda unaotoka ukingo mmoja kwenda mwingine kwa mshazari unasema shafti na nyumba ya beringi hazikutazama mwelekeo mmoja. Mikanda miwili inayokabiliana inasema nyumba imebanwa ikawa yai. Mkanda uliozunguka ringi yote ya nje, wakati ringi ya ndani imechakaa sehemu moja tu, ndio unaoelekeza kwenye balansi. Vimistari vingi vilivyopangana kama bati la migongo vinatokana na umeme unaopita kwenye beringi, hasa mota zinazoendeshwa kwa inveta, kifaa cha kubadili spidi ya mota. Na vijishimo vilivyopangana kwa nafasi sawa na gololi, kwenye beringi ambayo haikufanya kazi nyingi, mara nyingi ni vya mashine ya akiba iliyosimama ikitikiswa na jirani zake. Kwenye yako natarajia mshazari. Kama siyo, nitabadilisha mawazo, na wewe ubadilishe.

Kuhusu kusikiliza: bisibisi ndefu, ncha kwenye nyumba ya beringi, mpini kwenye mfupa ulio nyuma ya sikio, bado ni chombo kizuri, mradi mikono ya shati imefungwa na hukaribii kaplingi isiyo na kinga. Lakini jua mipaka yake. Beringi inayosikika kwa sikio tupu iko mwishoni mwa safari. Dalili zake za mwanzo ziko kwenye sauti za juu mno ambazo sikio halizipati. Na usidanganywe na grisi. Ukiongeza kidogo na kelele ikatulia saa moja kisha ikarudi, umefunika kidonda tu. Ukiendelea kujaza, gololi zinasukasuka ndani ya grisi, zinapata moto, na umeongeza muuaji wa pili.

Nataka nikusimulie kisa kimoja, kwa sababu ndicho kilichonifundisha kupima kabla ya kufungua. Nilipokuwa fundi kijana niliitwa kwenye feni kubwa ya kunyonya vumbi. Walikuwa wamebadilisha beringi mara nne, na feni imebalansiwa mara tatu. Mlalo ilikuwa 11, wima 2. Tofauti kubwa hivyo kati ya mlalo na wima si ya balansi peke yake, ni ya kitu kisicho na nguvu kwa upande mmoja. Nikaanza kushuka na kifaa: nyumba ya beringi 11, bamba la chini yake 10.6, mguu wa fremu wa kulia 10, zege chini yake 0.8. Kati ya mguu na zege namba ilianguka ghafla. Vitu viwili vilivyofungwa pamoja vinatakiwa kutikisika karibu sawa, vikiachana namna hiyo, kifungo kimekufa. Lakini bolti zilikuwa zimekaza. Nikachukua kidole cha mafuta, nikapaka kwenye mshono wa welding chini ya mguu ule, nikapiga magoti nikatazama kwa tochi. Mafuta yalikuwa yanapumua: yanaingia na kutoka na vipovu vidogo kila mzunguko. Chini ya rangi palikuwa na ufa wa urefu wa kidole, hauonekani kabisa mashine ikiwa imesimama. Tuliuchimba, tukauchomelea, feni ikashuka chini ya 3 bila kuguswa beringi wala balansi. Beringi zote nne zilizokwenda kwenye chakavu zilikuwa mashahidi ambao hakuna aliyewauliza.

Fanya hivyo kwenye yako pia, dakika ishirini tu: beringi, mguu, fremu, zege, kila penye kiungo. Na paka mafuta kwenye kila mshono unaoutilia shaka.

Ukiweza kuazima kifaa kinachotoa grafu ya marudio, yaani kinachoonyesha kila mtetemo unajirudia mara ngapi kwa sekunde, pima kabla ya kulegeza chochote. Mzunguko wako ni 1480 gawanya kwa 60, yaani 24.7 kwa sekunde. Kilele pale pale 24.7, kwa mlalo na wima, ni cha balansi. Kilele kwenye 49.3, yaani mara mbili, pamoja na nguvu ya kufuata shafti, ni cha mstari. Hapa nikuonye: majedwali ya ukutani yanaonyesha mara mbili kana kwamba ni sheria, lakini kuna kaplingi zilizopinda mstari vibaya ambazo zilinionyesha mara moja tu. Ndiyo maana joto na mwelekeo nimeviweka mbele ya grafu. Mlolongo wa vilele, mara 1, 2, 3, 4 na kuendelea, na wakati mwingine nusu zake, ni wa kitu kilicholegea. Impela yenye mabawa sita inaonyesha 148, na hiyo kwa kiasi ni sauti yake ya kawaida. Beringi haziendi kwa namba kamili: yenye gololi nane, dosari ya ringi ya nje hujitokeza karibu na 79, ya ndani karibu na 118. Ukiona vilele visivyogawanyika kwa 24.7, beringi imeshaumia. Hiyo inakuambia ni lini ya kuibadilisha. Kilichoiumiza bado unatakiwa kukitafuta.

Sasa swali lako la pili, uizime au uendelee. Mipaka ya mitetemo haikutoka hewani. Mwaka 1939 T. C. Rathbone, mhandisi aliyefanya kazi kwenye bima Marekani, alichapisha moja ya chati za kwanza za mtetemo unaovumilika, na viwango vya leo vimejengwa juu ya uzoefu wa namna hiyo, wa mashine zilizodumu na zilizovunjika. Kwa pampu kuna kiwango cha kimataifa cha ISO 10816-7 cha mwaka 2009. Pampu ya kazi za kawaida isiyovuka kilowati 200 inahesabiwa njema hadi milimita 3.2 kwa sekunde, inaruhusiwa kufanya kazi muda mrefu hadi 5.1, na kuanzia 8.5 ni hatari ya kuharibika. Wewe uko 6.8, katikati ya eneo ambalo mashine inaruhusiwa kwenda kwa muda tu, hadi ipatikane nafasi ya kuitengeneza.

Kwa hiyo usiizime leo kwa hofu, ila isivuke wiki chache. Pima kila siku mahali palepale, joto likiwa lilelile, mzigo uleule, kihisi kikiwa kimekaa kwa sumaku kwenye chuma kisicho na rangi, na uandike. Kwenye viwango hivyo badiliko la robo ya mpaka wa 5.1, yaani 1.3 hivi, likitokea ghafla, linahesabiwa kuwa jambo la kuchunguzwa hata kama namba imeshuka. Ndiyo, hata ikishuka: bolti iliyokatika inaweza kupunguza mtetemo mahali unapopima. Ikivuka 8.5, au joto la nyumba ya beringi likipanda haraka kwa saa moja bila maji kubadilika, au sili ikianza kuvuja, izime bila kusubiri ruhusa ya ratiba.

Chaki unaweza kuipiga kesho asubuhi kabla ya kuwasha, haihitaji kusimamisha kazi. Niandikie mistari ipi iliachana na ipi haikuachana, pamoja na umbali wa kila kishikizo kutoka kwenye pampu na picha ya ringi ya nje uliyoikata. Beringi ya nne iache dukani hadi tuyaone hayo.